SOMO LA USHONAJI: VIOLEZO VYA KUCHOREA NAKSHI ZA MIFARISHI

Chama cha ushonaji kinachopokea agizo la mifarishi 10 iliyo sawasawa hukabiliwa na jambo ambalo mshonaji wa peke yake nyumbani halijui. Mshonaji wa peke yake akichora maua kwa mkono, ua moja likawa kubwa kuliko jingine, tofauti hiyo humezwa na uzuri wa kazi nzima. Lakini wanachama 10 wakichora kila mmoja kwa mkono wake, mnunuzi atakayezipanga kazi zao juu ya meza moja ataona maua ya namna 10, ataona mapindo yasiyokutana kwenye pembe, na huenda akarudisha nusu ya bidhaa. Hasara hiyo haimwangukii mmoja. Hugawanyika kwa wote, pamoja na yule ambaye kazi yake haikuwa na ila. Somo hili lahusu chombo kidogo, kisicho na gharama kubwa, kiwezacho kuzuia hasara hiyo, nacho ni kiolezo.

Kabla ya kutengeneza kiolezo hapana budi kufahamu mchoro wenyewe una kazi gani. Mfarishi ni shuka nene la tabaka tatu. Juu kuna uso, ambao waweza kuwa kitambaa kimoja kitupu au viraka vilivyoungwa. Katikati kuna ujazo wa pamba, sufi au blanketi kuukuu, na chini kuna bitana. Tabaka hizo hushikwa kwanza kwa bandi, kisha mishono midogo midogo ya kudumu hupitishwa katika zote tatu. Mishono hiyo ndiyo nakshi, na papo hapo ndiyo uhai wa mfarishi, kwa kuwa pamba isiyoshikwa hukimbia ndani mfarishi ukifuliwa, ikajikusanya mabonge pembeni. Mchoraji, basi, hachori pambo peke yake. Anaamua pia pamba itakaa wapi.

Pamba iliyochambuliwa kwa mkono haifai kuachwa wazi kwa zaidi ya sentimita 5 hivi kati ya mshono na mshono. Blanketi laweza kuachiwa nafasi kubwa zaidi, maana halikimbii. Sufi ni nyepesi na yenye joto, lakini hushindiliana upesi na haivumilii kufuliwa mara kwa mara, hivyo chama kinachouza bidhaa za kufuliwa kingefanya vyema kuiacha ibaki kwenye mito. Ua kubwa lenye tumbo tupu la sentimita 12 laweza kupendeza sana kwenye karatasi na likawa kosa kwenye mfarishi wa pamba. Dawa yake ni kuongeza mshipa au mduara wa ndani, si kushona na kutumaini.

Kutenga kazi ya kuchora na kazi ya kushona si jambo geni. Kaskazini ya Uingereza, katika bonde la Allendale na katika machimbo ya makaa ya Durham, mwishoni mwa karne ya 19 walikuwako watu ambao kazi yao ilikuwa kuchora mifarishi ya wengine. Mashuhuri kati yao walikuwa George Gardiner na mwanafunzi wake Elizabeth Sanderson. Walipokea vitambaa vya uso, wakavichora kwa kalamu ya buluu, kisha vikarudi kwa wenyewe kushonwa. Baadhi ya nyuso zilizochorwa na zisipate kushonwa zimehifadhiwa hadi leo, na mistari ya buluu yaonekana. Violezo vya nchi ile vilikatwa kwa kadibodi, bati au ubao mwembamba, navyo vilitoa mzingo wa nje tu wa ua au unyoya. Mishipa ya ndani ilijazwa kwa mkono. Huko huko Durham wajane wa wachimba makaa waliendesha vilabu vya mifarishi, ambamo wateja walilipa fedha kidogo kidogo kila juma mpaka mfarishi ulipomalizika. Yafaa wanachama walijue jambo hili: mchoraji alihesabiwa kuwa fundi aliyestahili ujira wake mwenyewe. Katika vyama vingi vya ushonaji kazi ya kuchora huachiwa yeyote mwenye nafasi, wala haiandikwi katika daftari la saa za kazi.

Viko violezo vya namna tatu vinavyoweza kutengenezwa nyumbani. Cha kwanza ni cha mzingo, yaani umbo lililokatwa likazungushiwa chaki kwa nje, kama wale wa Durham. Ni rahisi, na mtu ye yote aliyepata kuzungushia chaki sahani au kikombe kwenye kitambaa amekwisha kukitumia bila kujua. Hakihitaji maelezo mengi. Upungufu wake ni kwamba hakionyeshi mistari ya ndani, na hapo ndipo mikono 10 huanza tena kutofautiana.

Cha pili ni kiolezo cha mifereji. Hiki ndicho chenye manufaa makubwa kwa chama, nacho chahitaji uangalifu. Kila mstari wa nakshi hukatwa uwe mfereji mwembamba wa milimita 3, ambamo ncha ya kalamu au ukingo wa chaki hupita. Ugumu wake waonekana upesi: mstari wa duara ukikatwa wote, kipande cha ndani chaanguka. Kwa hiyo hapana budi kuacha vidaraja, yaani sehemu zisizokatwa, vyenye upana wa milimita 5, kimoja kila baada ya sentimita 4 hivi. Vidaraja havina budi kufikiriwa kabla ya kisu kushikwa. Visiwekwe kwenye ncha ya jani wala mahali mistari miwili inapokutana, kwa maana hapo ndipo mshonaji anapohitaji kuona sana. Viwekwe katikati ya mstari mrefu, ambapo jicho lenyewe litaunga pengo.

Kupata mchoro ulio sawa pande zote hakuhitaji kipaji cha uchoraji. Ichukuliwe karatasi ya mraba ya sentimita 20. Ikunjwe nusu, ikunjwe tena nusu upate mraba mdogo, kisha ikunjwe kutoka pembe ya katikati upate pembetatu. Kwenye pembetatu hiyo hukatwa nusu ya jani moja tu, likianzia kwenye mkunjo. Karatasi ikifunguliwa ua la majani manne liko tayari, na jani lililokatwa kwenye mkunjo wa pili huongeza mengine manne. Karatasi tano zikiharibika si hasara. Nakshi itakayochaguliwa iwe na mstari unaoendelea kadiri iwezekanavyo, ili mshonaji asilazimike kukata uzi na kufunga fundo upya kila baada ya jani moja. Mtihani wake ni rahisi: kidole kifuatishe mchoro mzima bila kuinuliwa. Kikiinuliwa zaidi ya mara mbili tatu, mchoro huo utawapotezea wanachama uzi na saa.

Kadibodi ya kukatia isiwe ile ya mawimbi ndani, kwani hubonyea. Kadibodi nyembamba ya maboksi ya shati au ya majalada ya mafaili yafaa. Ikikwisha kukatwa ipakwe vanishi pande zote mbili na kingo zake, iachwe ikauke kabisa. Bila hivyo unyevu wa mikono huilainisha kingo zake katika wiki chache. Plastiki ni bora zaidi. Mifuniko bapa ya makopo makubwa yatosha kwa maua madogo, na majalada ya plastiki ya mafaili kwa makubwa. Filimu kuukuu za eksirei nazo hutumika na fundi wengi, kwa kuwa ni ngumu na hazipindi. Lakini filimu hizo zina jina la mgonjwa na siri ya mwili wake, na chama chenye heshima hakitaziweka mezani kabla ya kuondoa maandishi hayo.

Ukataji hufanywa juu ya kioo kinene au ubao mgumu, kwa kisu chembamba chenye makali mapya. Kisu butu hudai nguvu, na nguvu ndiyo inayoteleza. Mkono unaoshika kadibodi ukae nyuma ya kisu, kamwe usikae mbele yake. Kwanza hutobolewa tundu dogo kwa msumari mwembamba kwenye kila mwisho wa mfereji. Tundu hilo huzuia mpasuko usiendelee kwenye kidaraja. Kisha hukatwa mifereji midogo, na mikubwa huachwa mwisho, maana kadibodi hulegea kadiri inavyokatwa. Kidaraja kikikatika kwa bahati mbaya huungwa kwa utepe wa gundi pande mbili, na kazi huendelea.

Kiolezo cha tatu ni cha vitobo, nacho kina faida moja ambayo chama hakiwezi kuidharau: hutoa nakala nyingi kwa mara moja. Mchoro hulazwa juu ya karatasi nne au tano ngumu kiasi, zote zikashikwa kwa pini. Cherehani hutolewa uzi wa juu na wa chini, hutiwa sindano kuukuu, kwa sababu karatasi huua makali ya sindano, na hatua ya mshono hurefushwa. Kisha mistari yote hufuatishwa polepole kana kwamba inashonwa. Upande wa chini wa karatasi utakuwa na miinuko midogo penye vitobo, nao usuguliwe kwa msasa laini ili vitobo vifunguke. Wakati wa kuchora, karatasi hulazwa juu ya kitambaa na unga hupitishwa vitoboni kwa kifuko cha kitambaa chepesi. Kifuko kigongwe taratibu, kisisuguliwe. Kusugua husukuma unga chini ya karatasi na mistari ikawa mawingu. Kwa kitambaa cheusi au cha rangi iliyokoza hutumika unga wa chaki au wanga wa muhogo. Kwa kitambaa cheupe mdalasini uliosagwa vizuri hutosha, nao hukung'utika. Unga wa mkaa usitumike, ijapokuwa uko kila jikoni: hauondoki wote kwa kufua. Alama za unga hazidumu, kwa hiyo mstari uungwe mara moja kwa chaki kabla kitambaa hakijakunjwa. Kifuko cha wanga kisiachwe ndani ya kabati la vitambaa, maana sisimizi hawahitaji mwaliko.

Hadi hapa kazi ni ya fundi. Sehemu inayofuata ni ya chama, nayo ndiyo inayovunja maagizo mengi kuliko ubovu wa mishono.

Mwanachama mmoja hukata kiolezo kizuri cha sentimita 20. Jirani yake hukiazima, huzungusha kalamu kwa nje, hukata juu ya mstari. Nakala hiyo imezidi kidogo, tuseme milimita 1 kila upande, kwa sababu kalamu ina unene wake na haipiti hasa kwenye ukingo. Upana sasa ni sentimita 20.2. Mwanachama wa tatu hunakili kutoka kwa wa pili, akapata 20.4, na wa nne kutoka kwa wa tatu, akapata 20.6. Macho hayaoni milimita 6. Lakini upande wa mfarishi unaohitaji marudio 9 ya nakshi utakuwa umezidi milimita 54, yaani zaidi ya sentimita 5, na ua la mwisho litakatwa na pindo. Kila mmoja ataapa kwamba alifuata kiolezo, na kila mmoja atakuwa amesema kweli.

Kwa hiyo chama kiwe na kiolezo mama cha kila nakshi, kilichokatwa kwa plastiki, kikatiwa namba na vipimo vyake na kuwekwa chini ya ulinzi wa katibu au mtunza ghala. Kiolezo mama hakichorei kitambaa hata siku moja. Kazi yake ni kutoa nakala tu, na kila nakala itoke kwake, isitoke kwa nakala nyingine. Nakala ipimwe kwa rula kabla haijatoka mlangoni, iandikwe katika daftari pamoja na jina la aliyeichukua, na irudi agizo likiisha. Kingo za kadibodi zilizoanza kuwa mviringo ni alama ya kwamba nakala imekwisha maisha yake. Itupwe, isipewe mwanachama mgeni ati ajifunzie.

Kipimo cha nakshi nacho hakitoki hewani. Hutokana na kipimo cha mfarishi. Ichukuliwe mfarishi wa sentimita 180 kwa 220 wenye pindo la nakshi la upana wa sentimita 20. Pembe nne hutolewa kwanza, kila moja mraba wa sentimita 20, nazo zitapata kiolezo chao. Upande mfupi unabaki na sentimita 140, yaani marudio 7, na upande mrefu sentimita 180, yaani marudio 9. Jumla ni marudio 32 na pembe 4. Hesabu hiyo ina uzuri mwingine: 7 na 9 ni witiri, hivyo ua moja litakaa katikati kabisa ya kila upande. Kuchora kuanzie hapo katikati kuelekea pembeni, kamwe kusianzie pembeni, ili tofauti yo yote igawanyike sawa kulia na kushoto.

Lakini kitambaa hakitii hesabu siku zote. Marekani mpya hurudi ikifuliwa, na ndiyo sababu yapasa kuifua na kuipiga pasi kabla ya kuipima. Iwapo baada ya kufuliwa uso umebaki sentimita 176 kwa 216, upande mfupi wa ndani utakuwa 136 na mrefu 176. Kila upande umepungua sentimita 4. Upande mfupi pungufu hiyo hugawanywa kwa marudio 7, karibu milimita 6 kila moja. Upande mrefu hugawanywa kwa 9, zaidi kidogo ya milimita 4. Mchoraji husogeza kiolezo kiasi hicho juu ya mchoro uliotangulia kila anapohama. Ili aweze kufanya hivyo bila kubuni, kiolezo kikatwe vipengele vidogo kwenye kingo za kulia na kushoto, kwenye mstari wa kiungo, na mistari midogo ya milimita ichorwe kando yake kwa kalamu isiyofutika. Mchoraji asiyegawanya hujikuta na sentimita 4 zote kwenye ua la mwisho, na ua hilo hata mtoto ataliona.

Kuhusu alama zenyewe, kanuni ni moja tu: kila kalamu au chaki ijaribiwe kwanza kwenye kipande cha kitambaa kile kile, kifuliwe kwa sabuni ile ile. Kipande cha sabuni nyeupe iliyokauka ikachongwa ukingo hutoa mstari mzuri kwenye kitambaa cha rangi, na hakigharimu kitu. Kalamu ya risasi yafaa kwenye kitambaa cheupe ikishikwa kwa mkono mwepesi. Kalamu ya wino na karatasi ya kaboni zisikaribie mezani. Pasi isipite juu ya kitambaa kilichochorwa kabla hakijafuliwa, maana joto huzikaza alama nyingine zisitoke tena. Siku hizi madukani zimo pia kalamu ambazo wino wake hutoweka kwa joto la pasi, na wanachama vijana huzipenda. Ziangaliwe kwa makini. Wino ule hautoki katika kitambaa. Hupoteza rangi tu, na baridi kali huweza kuirudisha. Mfarishi uliotoka chamani safi waweza kufika kwa mnunuzi wa nchi ya baridi ukiwa na mistari yote, na hapo chama hakitakuwa na la kujitetea.

Wako wanachama wanaopinga violezo kwa kusema kwamba vinaua ubunifu, na neno lao halistahili kupuuzwa. Katika jimbo la Alabama, Marekani, mwaka 1966 wanawake weusi wa Wilcox County, wakisaidiwa na kasisi Francis X. Walter, waliunda ushirika wa mifarishi ulioitwa Freedom Quilting Bee. Huo ulikuwa wakati wa harakati za haki za raia, na baadhi ya wanachama walikuwa watu wa familia zilizofukuzwa mashambani kwa kudai haki ya kupiga kura. Mifarishi ya kwanza iliuzwa kwa mnada New York. Kisha maduka makubwa yakaagiza, na maagizo yakataka vipimo vilivyo sawa na mishono iliyo sawa, kwa wanawake ambao desturi yao ilikuwa kuunga viraka kadiri moyo ulivyowaambia. Mwaka 1972 ushirika ulipata mkataba wa kuishonea kampuni ya Sears foronya za kitambaa cha kodrai, kazi isiyo na nakshi ya mtu yeyote, lakini yenye mshahara wa kila wiki. Ushirika huo ulidumu hadi mwaka 2012. Mifarishi ya jirani zao wa Gee's Bend, iliyoshonwa bila kufuata kanuni ya mnunuzi, iliwekwa katika majumba ya sanaa kuanzia mwaka 2002 na kusifiwa duniani.

Halmashauri ya chama, basi, isiamue kwamba kila kitu kipite kwenye kiolezo. Agizo lenye sampuli liende kwa kiolezo na kwa kipimo, bila majadiliano. Mifarishi ya maonyesho na ya soko la rejareja iachiwe mikono ya wenyewe. Na mwanachama atakayebuni nakshi mpya ikachukuliwa kuwa kiolezo mama cha chama, jina lake liandikwe daftarini kando ya namba ya nakshi, na mkutano upange malipo yake kwa kila agizo litakaloitumia. Nakshi isiyo na mwenyewe daftarini ndiyo huzaa ugomvi agizo kubwa linapofika.

Kwa vikundi vya masomo: wanachama wawili wachore nyuso mbili zinazolingana, mmoja kwa mkono na mwingine kwa kiolezo cha mifereji, na katibu aandike saa zilizotumika na tofauti za vipimo kwenye pembe nne. Kikundi kijadili saa za kuchora zihesabiwe vipi katika bei ya mfarishi, na nani alipwe. Kisha violezo vyote vilivyomo majumbani mwa wanachama vikusanywe, vilazwe kimoja juu ya kingine, na vipimwe.